Lami Chini ya Zulia

Tone. Kimya. Tone.

Wei Sulan alikuwa macho gizani, akisikiliza bomba la jikoni likidondosha maji ndooni. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha ujanja huo: ukilegeza koki kiasi cha uzi tu, maji hutoka polepole mno hata mita isishtuke, na kufikia alfajiri una ndoo nzima ambayo haikuandikwa popote. Mwenye nyumba alikwisha bandika tangazo ngazini kwamba atakayekamatwa atahama. Wapangaji wote walilisoma tangazo lile, na usiku jengo zima, kuanzia chini mpaka darini, lilidondosha maji.

Alipoinuka kufunga koki, Miao, bintiye wa miaka sita, aligeuka kitandani.

"Mama, leo ndiyo leo?"

"Ndiyo leo. Lala."

"Na barua je?"

"Bosi ataigonga mhuri. Lala, mama."

Miao alikuwa ameandikishwa milimani kwao, siyo hapa mjini Liuzhou. Mtoto aliyeandikishwa kwingine hawezi kupata nafasi katika shule ya serikali iliyo ng'ambo tu ya barabara, isipokuwa mzazi alete barua ya kazi yenye mhuri wa mwajiri wake. Ofisi ya mtaa ilikuwa inapokea barua hizo kwa mara ya mwisho leo, hadi saa kumi na moja jioni. Ikikosekana, kuna shule ya binafsi kule nje ya mji, ambayo ada yake imepanda tena. Hiyo nayo ikishindikana, Miao atarudishwa kwa bibi yake kijijini, amwone mama yake kwenye simu. Baba yake alikuwa mjengoni mkoa wa jirani, naye walimwona kwenye simu. Sulan hakutaka familia nzima iishi ndani ya kioo.

Kwa wiki kadhaa Bosi Mo alikuwa akimwambia, "Kesho." Kesho zilikuwa zimekwisha.

*

Duka la Bosi Mo lilikuwa la kuziba kelele za magari. Kazi yenyewe, asiyeijua huona uchawi. Gari linaingia, viti vinang'olewa, zulia linakunjwa, mpaka linabaki bati tupu kama sufuria. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole linalia ting. Sulan hulipangusa kwa spiriti, hukata shiti za mpira zenye mgongo wa karatasi ya fedha, akazibandika, akazipasha moto kwa kipulizio cha hewa ya moto, kisha akazikandamiza kwa rola mpaka viganja vikawaka. Gonga tena: bati linajibu du, kama mtu aliyeshiba. Juu ya shiti sponji, juu ya sponji zulia, na barabara inabaki nje inakojijua. Tangu watu waanze kununua magari ya umeme wateja waliongezeka, maana gari lisilo na mngurumo wa injini humsikilizisha mtu kila kokoto.

Lakini kuna shiti na shiti. Ya mpira huvutika kama ulimbo, na ukiinusa huambulii kitu. Nyingine ni lami, lami ile ile ya mapaa na barabara, iliyovalishwa mgongo ule ule wa fedha wenye maandishi yale yale. Wakati wa baridi hupasuka. Wakati wa joto hulainika, ikatoa mvuke usioonekana, unaokwama kooni na nyuma ya macho. Wateja wenye simu walikwisha jifunza: choma kipande kwa kiberiti, kikidondosha machozi meusi ujue umeibiwa.

Ndiyo maana Bosi Mo alikuwa na desturi yake. Milangoni, ambako mteja anaweza kung'oa spika akachungulia, anaweka mpira. Sakafuni, ambako hakuna atakayefunua mpaka gari linakwenda chuma chakavu, anaweka lami. Na wa kumwashia mteja kiberiti hakuwa yeye mwenyewe. Alikuwa Sulan.

"Mimi watu hawaniamini," alimwambia alipomwajiri. "Nina sura ya mtu anayeuza. Wewe una sura ya mama. Ukishachoma kile kipande cha mpira, sema hivi: 'Hata mimi nina mtoto.' Basi. Usiongeze neno."

Sulan alilisema mara ya kwanza na masikio yakamwaka moto. Akalisema tena, na tena. Mwishowe likawa kama "karibu" ya mwenye duka, neno ambalo mdomo unalitoa wakati akili iko kwenye kabichi za jioni.

Na harufu? Bosi Mo alikuwa amepanga jirani na mkahawa wa tambi, kwa makusudi. Liuzhou ni mji wa tambi za konokono wa mtoni na machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa. Mgeni hukinusa chakula hicho kabla hajauona mtaa, mwenyeji akikikosa siku mbili huona kama anaumwa. Mteja akilalamika kuwa gari linanuka, Bosi Mo hucheka mpaka jino lake la dhahabu likaonekana. "Si tambi hizo za jirani! Endesha siku chache, zitatoka." Na mteja naye hucheka, kwa kuwa shati lake lenyewe linanuka vivyo hivyo.

*

Jana yake, kabla ya siku hiyo ya barua, alikuja Mama Anan. Jina lake Liao Yinfeng, mwanamke mwembamba mwenye kigari kidogo cheupe cha umeme na mtoto wa kiume wa miaka saba, Anan, aliyefunika masikio kwa viganja. Lori lilipopita nje, mtoto alipiga paji la uso kwenye kioo, mara moja, kisha mara nyingine, mpaka mama yake alipotia mkono wake katikati.

"Kelele," mtoto alisema. Lilikuwa mojawapo ya maneno yake machache. Maneno yake alikuwa akiyatoa mojamoja, kama mtu anayelipa kwa sarafu.

"Kila wiki tunakwenda kituo cha mafunzo, mbali, kwa barabara ile ya zege," Mama Anan alieleza. "Zege lina viungo, kila kiungo du-du, du-du, njia nzima. Akifika amekwisha choka, hajifunzi chochote. Mwalimu kaniambia, tafuta namna ya kupunguza kelele za gari. Nimedunduliza. Nataka ile nzuri, Mama Miao. Ile halisi, mpaka chini."

Na jana maboksi ya mpira halisi yalikuwapo, ya kutosha sakafu na milango, na Bosi Mo alikuwa amekubali bei ya halisi. Sulan mwenyewe aliyatenga maboksi hayo pembeni, akaandika juu yake kwa chaki. Akawasha kiberiti, kipande kikaungua bila kudondosha. Akasema, "Hata mimi nina mtoto." Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alilisikia neno lenyewe, likiwa kweli mdomoni mwake. Alirudi nyumbani jioni ile akiimba.

*

Leo asubuhi, walikuwa wamekwisha ng'oa viti vya kigari cheupe, Mjomba Qiu upande mmoja na Sulan upande wa pili. Mjomba Qiu alikuwa fundi wa zamani, mwenye mgongo uliopinda kwa kuinamia sakafu za watu.

"Mtoto kamwaga biskuti humu kwa mwaka mzima," alisema akitikisa zulia. "Tukizichemsha tunapata kifungua kinywa."

"Chemsha wewe. Mimi nimekula."

"Umekula? Umependeza hivyo kama unakwenda kuposwa."

"Nakwenda ofisi ya mtaa, Mjomba."

"Afadhali kuposwa."

Sulan alikuwa bado anacheka gari jeusi lilipoingia. Alishuka Mkuu Nong wa ofisi ya ukaguzi wa biashara, shati limechomekwa vizuri, funguo zinazunguka kidoleni. Bosi Mo alitoka mbio na sigara mkononi, ya mgeni.

"Mkuu! Karibu chai."

"Chai baadaye. Mtungi wako wa kuzimia moto muda wake umepita," Nong alisema, hata kabla hajautazama.

"Tutaubadilisha leo hii, Mkuu."

"Hili gari la mke wangu lina kelele. Jioni tunakwenda harusini, nalitaka limekwisha." Aliipokea sigara, akainama kuwashiwa. "Na uniwekee ile halisi, Mo. Lami zenu wawekeeni wengine. Kuzikagua ndiyo kazi yangu, nazijua."

Wote wawili walicheka. Mjomba Qiu aliinamisha kichwa ndani ya gari kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Sulan," Bosi Mo aliita, "lete yale maboksi."

"Yale ya Mama Anan, Bosi?"

"Ya duka."

Sulan alibaki amesimama, kitambaa cha spiriti mkononi. Bosi Mo alimfuata mpaka nyuma, kwenye rundo la makatoni, akashusha sauti. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nisikilize. Huyu bwana akikunja uso, duka linafungwa, na wewe na Mjomba mnakwenda kuuza mahindi."

"Jana nilimwahidi yule mama. Nilimwambia kwa mdomo wangu."

"Ndiyo kazi ya mdomo wako."

"Mengine yanakuja lini?"

"Wiki ijayo, na kiwandani wameshapandisha bei. Yeye gari lake analitaka leo, kesho ana safari. Milangoni tutamwekea mpira utakaobaki. Sakafuni weka zile zilizopangwa ukutani."

"Sakafuni ndiko..."

"Sulan. Lami haiui mtu. Dunia nzima tunatembea juu ya lami." Alipapasa mfuko wa shati, kama kwamba mhuri ulikuwa humo. "Barua yako nimekwisha iandika. Gari likitoka, naigonga. Mhuri uko kwenye droo, hauna miguu."

Basi Sulan aliyabeba maboksi yenye chaki yake mwenyewe mpaka kwenye gari jeusi. Akaifuta chaki kwa mkono.

*

Mchana jua lilipiga bati la paa mpaka duka likawa tanuri. Mjomba Qiu alishughulika na gari la Mkuu. Sulan alipiga magoti ndani ya kigari cheupe, akafungua boksi la ukutani, na harufu ikampanda: nzito, tamu kidogo, kama barabara inayotengenezwa mbele ya nyumba yako.

Alibandika. Alipasha moto. Alikandamiza. Aliifanya kazi ile vizuri kuliko siku zote. Kila kona aliipitia rola mara mbili, kila kiputo cha hewa alikitoboa na kukilaza, kama kwamba unadhifu ungeweza kuigeuza lami kuwa kitu kingine. Mikono ilikuwa hodari kama ya jana. Ni yeye tu aliyetamani iwe imesahau kazi siku hiyo.

Alijiambia: nikikataa, atabandika Mjomba. Alijiambia: Miao akishapata shule, nitatafuta kazi nyingine. Alijiambia: wengine wote niliokwisha wabandikia hawajafa. Hapo akasimamisha rola, kwa sababu hakuwajua wengine wote, wala hakuwahi kuuliza.

Aliokota mabaki ya mpira halisi yaliyokatwa kwenye gari la Mkuu, vipande vyembamba kama maganda, akabandua kipande cha lami nyuma ya kiti cha dereva na kuviunga mahali pake. Vilitosha eneo la mto wa mtoto mchanga. Sakafu iliyobaki yote ilikuwa nyeusi chini ya mgongo wake wa fedha.

"Unashona viraka?" Mjomba Qiu aliuliza kutoka upande wa pili.

"Nyamaza, Mjomba."

"Acha kuitazama hivyo. Siyo maiti."

"Angekuwa mwanao?"

Mzee alivuta rola, akavuta tena. "Mwanangu hana gari," alisema hatimaye, na hakucheka.

Wakarudisha sponji, wakarudisha zulia, wakafunga viti. Sulan akagonga sakafu kwa kifundo. Du. Lami nayo huziba kelele, ndiyo ubaya wake.

*

Mama Anan alikuja jioni ilipoanza kukaribia, ameshika kwa mkono mmoja mfuko wa matunda ya laichi na kwa mwingine Anan. Bosi Mo alimzungusha gari lote, akamgongea milango, akamfungulia spika moja ili aone mpira kwa macho yake. Kisha akatazama sakafu, akasema, "Na chini ndiyo hivyo hivyo," akapita.

Mama Anan alimtazama Sulan. Sulan alikuwa anapangusa mikono yake iliyokwisha takata.

Anan aliingia nyuma. Mlango ukafungwa. Wakati huo huo lori la mchanga likapita barabarani, likitikisa vikombe vya mkahawa wa jirani, na wote watatu nje walikodoa macho kwenye kioo. Mtoto aliinua viganja kuelekea masikioni. Akavisimamisha hewani. Akavitazama, kama vitu alivyoviokota, kisha akavishusha magotini.

"Umeona?" Mama Anan alinong'ona. "Mama Miao, umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

Ofisini Bosi Mo aliuhemea mhuri, akaugandamiza kwenye barua. Mwekundu, wa duara, mbichi. "Nenda, utachelewa," alisema, kwa wema kabisa.

"Unakwenda wapi mbio hivyo?" Mama Anan aliuliza mlangoni. "Ofisi ya mtaa? Si njiani kwetu! Panda, dada, panda. Kwa jinsi ulivyonitendea hata mpaka mjini Nanning ningekupeleka."

Sulan alisema basi litakuja. Basi halikuja. Saa haikungoja. Bosi Mo alikuwa amesimama akiwatazama, tabasamu limemganda usoni, akasema, "Shukuru basi, Sulan." Hakuongeza neno.

*

Ndani ya kigari kulikuwa na kimya cha namna ambayo Sulan hakuwahi kukikalia. Miaka yote alikiuza, na kila mara kiliondoka na mteja. Pikipiki zilipita kando kama samaki nyuma ya kioo. Du-du ya barabara ilikuwa imebaki mbali, kama moyo wa mtu aliyelala chumba cha pili.

Na chini ya kimya hicho, harufu.

"Kitu gani kinanuka humu?" Mama Anan aliuliza, akivuta pua.

"Tambi," Sulan alisema.

Neno lilitoka lenyewe. Hakulituma. Alilisikia likiondoka mdomoni mwake kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti yake ya kumwita Miao kula.

"Mji huu!" Mama Anan alicheka. "Siku moja hata maiti zetu zitanuka mianzi." Akafunga vioo vyote, akawasha kiyoyozi.

Nyuma, Anan alikuwa ameteremka kwenye kiti. Alijilaza sakafuni, kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, shavu kwenye zulia, upande ule usio na viraka.

"Anapenda huko," Mama Anan alisema akimwangalia kwenye kioo. "Anajiona amefunikwa. Kule kituoni hawaturuhusu wazazi kukaa ndani mchana, wanasema tunawasumbua walimu. Basi tunalala garini tukingoja kipindi cha alasiri. Zamani hakuwa akilala, malori yanapita pale kama mto. Sasa atalala. Nitafunga vioo, atalala, na mimi nitapata hata usingizi wa kuku."

"Usifunge vioo," Sulan alisema.

"Eti?"

"Juani. Gari likiwa limesimama juani, acha wazi kidogo."

"Nikiacha wazi, si kelele zinaingia? Sasa nimelipia nini?" Mama Anan alicheka tena, akanyoosha mkono akampa laichi. "Kula. Unafanya kazi sana wewe, umekonda."

Sulan alilishika tunda lile njia nzima bila kulimenya.

*

Katika ofisi ya mtaa foleni ilifika mlangoni, wazazi wote wameshika bahasha, wote wanatazama saa ya ukutani. Karani alikuwa kijana mwenye chupa ya chai na macho yaliyochoka. Aliinua barua ya Sulan mbele ya taa.

"Mhuri umefifia upande huu."

"Umegongwa sasa hivi, mwanangu. Bado mbichi. Ukiugusa utakutia wino."

Aliugusa. Akatazama kidole chake chekundu, akakipangusia kwenye karatasi nyingine, na labda kwa kuwa ilikuwa mwisho wa siku akaipokea. "Haya. Lakini sikiliza. Tutapiga simu dukani, au tutakuja wenyewe, wakati wowote mpaka mwisho wa Agosti. Tukikuta hufanyi kazi pale, jina la mtoto linatoka. Anayefuata!"

Sulan alitoka nje, jua bado kali. Alikuwa amejiahidi kwenye foleni: nikishaikabidhi tu, nitasema kweli. Sasa ameikabidhi, na kumbe kunyamaza hakukuwa kwa jioni moja. Ni mpaka mwisho wa Agosti. Na Septemba patakuwa na karatasi nyingine, itakayotaka mhuri mwingine, ndani ya droo ile ile.

Kigari cheupe kilikuwa bado pale chini ya mti wa kando, hakijaondoka. Mama Anan alimwona, akaweka kidole mdomoni na kuonyesha nyuma: mtoto amelala. Hakutaka kumwamsha kwa kuondoka. Kituo cha basi kilikuwa upande wa pili. Ilitosha kupunga mkono na kuvuka barabara. Miao alikuwa shule ya chekechea akingoja kuambiwa kwamba ameingia shule.

Sulan alisimama hapo, laichi imelainika kiganjani. Aliwaza atamwambia nini Miao. Utasoma. Kwa nini nitasoma, mama? Kwa sababu mama alinyamaza.

Alipiga hatua, lakini si kuelekea kituoni. Akafungua mlango wa nyuma wa kigari. Hewa iliyotoka ilikuwa nzito kama pumzi ya mgonjwa.

"Mama Anan. Ile niliyokwambia siyo tambi."

"Nini?"

"Harufu. Ni lami. Milangoni mwako mna mpira. Chini ni lami, sakafu nzima, isipokuwa kiraka kimoja. Nimeibandika mimi mwenyewe mchana huu."

Mama Anan aligeuka taratibu kwenye kiti. Alikuwa bado na tabasamu, ila lilikuwa limesahauliwa usoni. "Lakini ulinichomea. Kwa kiberiti. Nikaona."

"Kile kilikuwa halisi. Maboksi yote yalikuwa halisi mpaka leo asubuhi. Yamekwenda kwa mkaguzi."

"Mkaguzi wa nini?"

"Wa hayo hayo."

Mama Anan alitoa sauti fupi puani. Huwezi kuiita kicheko. Kisha akatazama mikono ya Sulan, siyo uso wake. "Jana ulinambia una mtoto."

"Ninaye."

"Na leo unanambia kwa nini? Ulishapata karatasi yako. Ungekwenda zako."

"Kwa sababu amelalia pale." Sulan alielekeza kidole sakafuni. "Hali ya hewa ikizidi joto, harufu itazidi. Kichwa kitamuuma, naye hatakwambia. Nenda kwa Bosi kesho, mwambie nimesema mimi, taja jina langu. Akikufukuza, lete gari nyumbani kwangu, nitaitoa kwa mikono hii. Inatoka, inachukua muda lakini inatoka. Sina mpira wa kuweka badala yake. Bati litalia kama zamani. Lakini hatavuta hii."

Mtu aliyekuwa anatoka ofisini aliwatazama, akapita.

Sulan alipiga magoti kwenye ukingo wa mlango, kama alivyopiga mchana, akaingiza vidole chini ya pindo la zulia, akaliinua kidogo ili yule mama aone. Mgongo wa fedha ulimeta. Pembeni, ambapo joto la jioni lilikwisha anza kuiyeyusha, utepe mweusi ulikuwa umechuruzika, mwembamba kama wanja.

Hapo Anan akafumbua macho. Hakumtazama mama yake, wala hakumtazama Sulan. Aliweka kiganja chake kidogo juu ya zulia, juu ya vidole vya Sulan vilivyokuwa chini yake, akalikandamiza lirudi mahali pake, akasema kwa sauti, maneno yote kwa pamoja:

"Msitoe kitu, humu kuna kimya."